Alinunua mashine ya sukari kwa wivu, nusura ampoteze bintiye

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Tewabech Alemneh amezamisha mikono yote miwili ndani ya pipa la asali na maji. Anaponda masega kwa vidole, anapapasa vipande vya nta na kuvitupa kwenye beseni kando ya mguu wake. Kila mara anageuza shingo kutazama pazia la chumba cha ndani, alikolala bintiye Meskerem.

Kisha anaacha kazi. Anatoka nje, ananawa kwa sabuni hadi viwikoni, anasuuza, ananawa tena. Anajikausha kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna mwingine nyumbani anayeruhusiwa kukigusa. Ndipo anapoingia chumbani.

"Mikono," anasema.

"Nimenawa, Emaye," msichana anamjibu mama yake kutoka chini ya blanketi.

"Lini?"

"Jana."

"Jana watu walikula pia, na leo wana njaa. Inuka."

Meskerem, mwenye miaka kumi na minne, anaenda kunawa huku anacheka. Akirudi anajitoboa mwenyewe ubavuni mwa kidole cha pete, anakamua tone, analigusisha kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye mashine nyeusi, nene kama kipande cha sabuni. Baada ya muda mfupi namba inatokea: mia moja na kumi na nane. Anaiandika kwenye daftari. Mama anachungulia begani kwake, anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye pipa.

"Namba ya mwanangu sasa ni ya daftari na ya Sista wa kliniki," anasema Tewabech. "Siitangazi kwa jirani wala kwa ndugu yangu. Niliitangaza zamani. Niliitangaza kama mtu anayetangaza arusi."

Sisi tunaokaa mtaa huu wa Debre Markos, Ethiopia, tunajua anachokisema, kwa sababu wengi wetu tulikuwemo chumbani siku ile. Wengine tulikuwa tumeshika vikombe mkononi.

Tewabech ana miaka arobaini na mitatu. Tangu ana kumi na tisa anapika tej, pombe ya asali, kazi aliyofundishwa na mama mkwe wake. Mume wake, Getaneh, ni fundi mawe anayefuata kazi Bahir Dar na kurudi kwa sikukuu. Wiki ya kawaida, akishalipa asali, kuni na majani machungu ya gesho, Tewabech hubaki na birr elfu moja na mia nane hivi. Karibu na Pasaka hupata mara mbili, maana watu hufunga Kwaresima nzima na siku ya kufungua kila nyumba inataka chupa mezani.

Meskerem ndiye mtoto wake wa pekee. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Akawa anakojoa kitandani, akakonda mpaka sare ya shule ikamzunguka mara mbili.

"Nilidhani anaiba asali," anasema Tewabech. "Nikamchapa. Mpaka leo namkumbuka alivyosimama."

Akampeleka kwenye maji ya baraka kwa siku saba. Siku ya nane mtoto alipumua kwa shida, na hospitali ya mji ikampokea akiwa hajitambui. Walipotoka walitoka na insulini, asubuhi na jioni, maisha yote.

Hapo ndipo wivu ulipoingia ndani ya mama huyu, na yeye mwenyewe haufichi.

"Nilimwonea wivu kila mwanamke aliyekuwa na mtoto mzima. Nikimkuta mtu barabarani anamgombeza mwanawe kwa kula pipi, nilikuwa nasimama namtazama. Najisemea, huyu anajua kweli anachogomba nacho? Nilikuwa na wivu hata na mbuzi. Mbuzi anazaa, mtoto anaruka, basi. Hakuna sindano."

Kliniki ilimwambia apate mashine ya kupimia sukari nyumbani, asisubiri tarehe ya hospitali. Sista Enatnesh, muuguzi wa kliniki hiyo, alimwonyesha ile nyeusi nene. Bei yake ilikuwa birr elfu moja na mia tano, na vijiti vyake vilikuwa vinauzwa dirishani kwa chama cha wagonjwa wa sukari, hapo hapo hospitali, hamsini kwa birr mia tisa.

"Nilimwambia maneno haya haya ninayowaambia wote," anakumbuka Sista Enatnesh. "Usiniulize bei ya mashine. Mashine unainunua mara moja. Uliza bei ya kijiti, na uliza mwezi ujao kijiti hicho utakipata wapi. Akaitikia vizuri kabisa. Nikajua amenielewa."

Alikuwa amemwelewa. Ila wiki hiyo hiyo, ng'ambo ya mtaro, kwa Yirgedu, palifika kifurushi kutoka Kanada.

Yirgedu ni mjane wa miaka hamsini na sita, mfanyabiashara wa siagi. Majirani tunamwita Etiye, kwa heshima ya dada mkubwa. Sukari yake ilimpata utu uzimani, naye anameza vidonge. Mdogo wake aliye Kanada alimtumia mashine nyeupe, nyembamba kama simu, yenye mwanga wake yenyewe, isiyotaka damu zaidi ya punje ya teff, nafaka ndogo kama mchanga.

Mtaani kwetu watu hunywa kahawa pamoja, leo kwako kesho kwangu, vikombe vitatu hadi buni itoke rangi yote. Yirgedu alikuwa akisubiri kikombe cha pili, ndipo anaitoa mashine kwenye mfuko wa kitambaa chenye tarizi. Anajitoboa mbele yetu. Anasoma.

"Saba," anasema.

"Saba tu?" mwanamke mmoja anashangaa. "Mjomba wangu hospitali wamemwambia mia mbili na kumi."

"Mjomba wako damu yake ya hapa hapa," Bosena, muuza mkaa, akasema. "Ya Etiye imeshapata pasipoti."

"Ya kwangu basi haina hata kitambulisho cha mtaa," mwingine akadakia, tukacheka.

Tewabech hakucheka. Anasema alikuwa akikitazama kile kidude cheupe.

"Yule mwanamke ana hamsini na kitu. Ameshaolewa, ameshakula dunia, ameshacheza ngoma zake. Mwanangu ana miaka kumi na miwili. Sasa kati yao, nani alistahili kile cheupe? Nilirudi nyumbani nikijiambia ile nyeusi ya hospitali ni ya kumzikia mtu."

Akachukua pesa alizokuwa ameweka za asali ya Pasaka. Sokoni kuna mwanamke anayeuza vitu vinavyoletwa na wasafiri: manukato, saa, dawa za nywele. Alikuwa na mashine nyeupe moja.

"Ni kama ya Yirgedu muuza siagi?" Tewabech aliuliza.

"Ni ndugu yake, tumbo moja," muuzaji akamjibu. "Wewe shika tu. Ona mwanga."

Bei ilikuwa birr elfu nne na mia mbili. Ndani ya boksi mlikuwa na vijiti kumi. Hakuuliza bei ya vijiti vingine. Hakuuliza kitu kingine chochote. Alipokuja kuuliza, baadaye, aliambiwa kijiti kimoja ni birr sitini, na avisubiri hadi mtu asafiri.

Mchana huo alipita mbele ya nyumba ya Yirgedu akiwa ameshika boksi lile kifuani, ingawa njia ile si ya kwake.

Meskerem ndiye wa kwanza kushtuka. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na namba kubwa: mia moja na kumi, mia mbili na arobaini, mia na sitini. Mashine mpya ikasema nane.

"Emaye, hii si sawa na kadi," alimwambia mama yake. "Halafu kuna nukta hapa katikati."

"Nukta ni urembo," mama akamjibu. "Kadi ni ya mashine ya maskini. Hii inahesabu kama ya Etiye. Yeye ana saba, wewe una nane. Umekaribia."

Neno hilo, umekaribia, mzazi unayesoma lishike vizuri. Mashine ile nyeupe haikuwa na kosa lolote. Inahesabu kwa namna inayotumika nchi nyingine, na namba yake lazima izidishwe kwa kumi na nane ndipo ifanane na ya kadi ya hapa kwetu. Nane yake ni mia moja na arobaini na nne. Tewabech hakulijua hilo. Yeye alijua jambo moja, kwamba namba ndogo ndiyo nzuri, na kwamba ng'ambo ya mtaro kuna mwanamke mwenye namba ndogo kuliko ya mwanawe.

Yirgedu alikuwa anajua. Mdogo wake alimweleza kwa simu: ukitaka namba ya hapa zidisha kwa kumi na nane, usipite kumi, usishuke chini ya nne.

"Aliniuliza?" Yirgedu anasema leo, huku akikunja nguo yake magotini. "Hakuniuliza. Nami, niseme kweli mbele ya Mungu, sikutaka kumwambia. Alikinunua cha kwake ili anikomoe. Nikasema, basi kimfundishe chenyewe."

Ilikuwa Jumatano ndani ya Kwaresima, kazi ya tej ya Pasaka imepamba moto. Meskerem alitoka shule akamsaidia mama kuvunja masega. Baada ya saa tisa, watu walipotoka kanisani, kahawa ilikuwa kwa Yirgedu. Msichana alijifuta mikono kwenye gauni, wakavuka mtaro. Yirgedu alipima, akapata saba.

"Na mtoto je?" akauliza. "Si mna yenu?"

Tewabech alikuwa na vijiti vinne. Akachomeka kimoja. Meskerem akatoa kidole. Mashine ikasema kumi na saba.

Hakuna aliyecheka, anasema Tewabech, na hilo ndilo lililomuuma. Yirgedu alijaza vikombe, akasema polepole, kama anaongea na birika: "Kumbe mashine nzuri haileti damu nzuri."

"Ningekuwa na ile ya hospitali, ningepima tena," Tewabech anasema. "Kijiti kimoja birr kumi na nane, unapima hata mara tatu. Lakini cha sitini? Na vimebaki vitatu? Unapimaje tena kitu ambacho watu wameshakiona? Nikachukua mkono wa mwanangu tukaondoka. Njiani nilimfinya."

Usiku huo alimpa nusu ya chakula. Alhamisi aliongeza mistari miwili ya insulini kwenye bomba la sindano, kwa akili yake. Jioni mashine ikasema nane. Nane haikumtosha. Yirgedu ana saba.

Ijumaa asubuhi aliongeza mistari minne, na hakumpa mtoto kitu isipokuwa konzi moja ya shayiri ya kukaanga.

Padri anayewaungamisha alikuwa ameshasema, tangu mwaka uliotangulia, kwamba mtoto wa sindano hafungi. Lakini Ijumaa ya Kwaresima hakuna anayekula hadi saa tisa, na mtoto asiyekula katikati ya watu wasiokula nani atamwona? Walimu hawakuuliza. Majirani walimwona kimya na midomo mikavu, wakamsifu.

"Nilisikia wanamsifu," anasema Tewabech. "Nikanyamaza."

Saa nane na nusu alimpima. Tatu nukta moja. Hapo, anasema, alifurahi kuliko siku aliyomzaa. Akatandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga buni, akatuma watu waite majirani wote. Yirgedu aliitwa mara mbili asije akasema hakusikia.

Tulikuwa wanawake saba. Tewabech hakusubiri hata kikombe cha kwanza. Alibonyeza mashine ikarudisha namba ya nusu saa iliyopita, akampelekea Yirgedu mikononi.

"Tatu," akasema. "Tatu na kitu. Wewe leo una ngapi, Etiye?"

Yirgedu aliitazama. Kisha akaacha kuitazama. Alikuwa anamtazama Meskerem, aliyesimama kwenye pazia na sinia la vikombe, na vikombe vinagongana.

"Mtoto amekula?"

"Amefunga," Bosena akajibu kwa niaba ya mama. "Mwangalie, kama mtawa wa monasteri."

"Sikuuliza amefunga. Nimeuliza amekula?"

"Una wivu," Tewabech akamwambia. "Miezi yote hii umekaa na saba yako, leo mwanangu amekupita. Sema tu una wivu."

"Tewabech, mtoto anatoka jasho."

"Moto wa kahawa."

"Mimi nikifika nne mikono haishiki kitu. Wewe unaniambia tatu. Mshike mtoto."

Meskerem aliita kitu ambacho si jina la mtu. Sinia likaenda chini kwanza, kisha yeye.

Bosena alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimkalisha, akaleta kikombe cha kahawa yenye sukari mdomoni kwake. Yirgedu akaupiga mkono ule kikombe kikaruka.

"Hawezi kumeza, utamsonga. Mlaze ubavu. Leteni asali."

"Nyumba nzima ilikuwa inanuka asali," Tewabech anasema. "Mapipa mawili, mtungi, masega kwenye ungo. Na mimi nimesimama katikati sijui asali iko wapi. Yule mwanamke ndiye aliyejua. Alikwenda kwenye ungo wangu akachota kwa kidole chake, akampaka mwanangu ndani ya shavu, kwenye fizi. Anapaka, anasugua, anapaka tena. Ananiita jina langu lakini hanitazami."

Bajaji ilipatikana. Kichwa cha mtoto kilikuwa mapajani mwa Yirgedu njia nzima, kidole bado kinasugua fizi. Tewabech alikaa miguuni.

"Na hapo, mle ndani ya bajaji," anasema, "hapo pia niliona wivu. Kwa nini kichwa kiko kwake."

Hospitali walipima wakapata arobaini na mbili, kwa namba ya hapa, hata baada ya asali ile. Wakamwekea dripu ya sukari. Jua lilikuwa halijazama Meskerem alipofumbua macho akaomba injera, mkate wa teff.

Sista Enatnesh aliitwa. Alichukua mashine nyeupe, akasoma herufi ndogo zilizo chini ya namba, akaandika kwenye kiganja cha Tewabech kwa kalamu: tatu nukta moja, mara kumi na nane. Hamsini na sita.

"Chini ya sabini mtoto anapewa sukari mara moja," akamwambia. "Mashine yako haikukosea, mama. Ilikuwa inakuambia anazama. Wewe ukaalika watu waje kutazama."

Tewabech akajitetea kwa ile kumi na saba ya Jumatano. Sista akauliza mtoto alikuwa anafanya nini kabla ya kupima. Alipojibiwa, alikwenda kwenye kabati akachukua asali ya chai ya wauguzi, akaipaka kidogo kwenye kidole chake mwenyewe, akaifuta kwa sketi, akajitoboa. Mashine nyeusi ikasema mia tatu na tisini. Akanawa kwa sabuni, akajikausha, akajitoboa tena. Tisini na nne.

"Mimi siumwi sukari," akasema. "Umeona? Ile kumi na saba haikuwa damu ya mwanao. Ilikuwa kazi yako iliyobaki kidoleni."

"Vijiti viwili," Tewabech anasema leo. "Mtu mzima, hana ugonjwa, ametumia vijiti viwili kunionyesha tu. Mwanangu yuko kitandani na mimi nahesabu vijiti vya Sista. Wivu hauna adabu, dada yangu. Hauangalii uko wapi."

Yirgedu alikaa naye kwenye benchi la nje ya wodi hadi Getaneh alipofika kutoka Bahir Dar. Hapo Yirgedu akamwambia alichokuwa hajamwambia mtu. Katika ndoa ya miaka thelathini hakupata mtoto; hilo tulilijua, haya hatukuyajua.

"Wewe ulikuwa na wivu wa kile kidude," alimwambia. "Mimi kila nikitoka kahawa kwako nilikuwa nalia njiani. Kwa sababu ya viatu vya shule, mlangoni kwako. Vimekaa vibaya vibaya, kimoja kimelala. Nilikuwa natamani kuviiba."

"Ungeniambia ile ya kumi na nane," Tewabech akamjibu.

"Ningekuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa na viatu mlangoni."

Tangu siku hiyo hawajawa marafiki wa kukumbatiana, asikudanganye mtu. Tewabech bado hukasirika Yirgedu akimsuka Meskerem nywele. Yirgedu bado hutoa maneno ya pembeni kuhusu tej kuwa na maji mengi. Lakini kila mwezi hupanga foleni pamoja kwenye dirisha la chama, maana vifurushi vya Kanada vilikuja mara mbili tu vikaacha, na Yirgedu naye alinunua ile nyeusi. Zile nyeupe mbili zimekaa kwenye kabati zao, hazina vijiti.

Mama mwenzangu, baba mwenzangu, mwenye mgonjwa ndani: ukienda kununua mashine hii, nenda na kadi yako ya kliniki mkononi, umwambie muuzaji akuonyeshe kama namba za mashine yake ni za aina ile ile. Asipojua, ondoka. Uliza vijiti. Tazama tarehe ya vijiti, maana vikipita wakati vinasema uongo, na ukifungua kopo lifunge lisiingie unyevu. Mashine ambayo huwezi kuimudu kupima mara mbili usiichukue, hata ikiwaka taa kama kanisa siku ya sikukuu. Siku utakayoihitaji ni ile siku ambayo namba ya kwanza huiamini. Na mistari ya insulini haiongezwi kwa hasira wala kwa fahari. Inaongezwa kliniki.

Tewabech anasema watu wengi humjia sasa kuuliza mashine gani wanunue. Yeye huwauliza kwanza jirani yao ana ipi. Akiona macho yamebadilika, huwatuma kwa Sista.

Mwaka huu Meskerem anafanya mtihani wa darasa la nane. Akipita, mwaka mpya wetu ukiingia Septemba atahamia Bahir Dar kwa Simegn, dada wa baba yake, ambako kuna kliniki ya watoto wenye sukari na shule iliyo hatua chache kutoka nyumbani. Baba yake atakuwa karibu. Msichana mwenyewe anataka kusomea maabara.

"Nataka niwe ndani ya lile dirisha linalopokea damu," anasema. "Wanaonipa majibu wananiita 'wewe mtoto'. Nataka na mimi nimwite mtu hivyo."

Mama yake ana miezi sita ya kujiandaa. Ameshanunua mashine nyeusi ya pili, ya kukaa kwa Simegn, na ameshakwenda dirisha la chama la Bahir Dar kuhakikisha vijiti vyake vinauzwa pale. Pesa ya tej ya Pasaka hii itanunua vijiti vya muhula wa kwanza. Kisha atafunga kazi wiki mbili, aende akakae na wifi yake.

"Simegn ana wavulana watatu, hana msichana," anasema. "Tayari ananipigia simu kuniambia amenunua shuka za maua. Atamsikia mwanangu akiamka. Atakuwa wa kwanza kuijua namba, kila asubuhi, na mimi niko huku naponda nta. Namwonea wivu tangu sasa."

Anachukua fimbo, anakoroga pipa, anaonja kwa ncha ya kijiko.

"Lakini nitamfundisha. Atajitoboa kidole chake kwanza, aone uchungu wake. Nitamwambia ya kunawa, ya kumi na nane, ya Ijumaa, na kwamba nilimfinya mwanangu njiani. Wivu utakuja, najua. Safari hii utanikuta nimeshasema yote."